Nani Anasema Darasani? Mjadala wa Kiingereza, kutoka Kirumba hadi Butembo

Tangu Kirumba ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, wanafunzi na walimu wengi wa kusini mwa Lubero, mashariki mwa Kongo, wamekimbilia kwa jamaa zao, wengine Lubero penyewe, wengine Butembo. Wamefika na madaftari yao, na wamefika na swali lililokuwa likiulizwa kule hata kabla ya vita: Kiingereza kifundishweje mahali ambapo shule inasema Kifaransa, soko linasema Kiswahili, na nyumba nyingi zinasema Kinande?

Sauti zinazofuata nimezipanga mwenyewe, kutokana na hoja zinazogongana kila siku katika miji hii. Hazina majina. Yupo Mwalimu, aliyefundisha Kirumba miaka mingi na sasa anashika vipindi Butembo. Yupo Mfanyabiashara. Yupo Dada anayefundisha jioni katika kituo cha Kiingereza. Yupo Mama mwenye watoto shuleni, na Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite, anayejiandaa kwa Mtihani wa Serikali. Nami nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MFANYABIASHARA: Naanza mimi, maana ndimi ninayelipa. Mtoto wangu huleta buletini yenye pointi nzuri za Kiingereza. Juzi nilimpa simu aongee na mtu wa Dubai juu ya mzigo wangu. Aliishika, akatazama chini, akanirudishia. Mwalimu, zile pointi alizipata kwa kufanya nini?

MWALIMU: Kwa kufanya kile alichoombwa, Papa. Mtihani wa Serikali tunao tangu 1967, na ni mtihani wa kuchagua jibu. Siku ya lugha mtoto anapewa maandishi, anasoma, anatafuta jibu sahihi kati ya yale yaliyopangwa chini ya swali. Mimi ninamwandalia hilo. Ninaandika ubaoni, wananakili, ninafasiri kwa Kifaransa, penye ugumu ninashuka kwenye Kiswahili, kisha tunafanya itemu, yale maswali ya mtihani, za miaka iliyopita. Mwisho wa mwaka hakuna anayehesabu ni wangapi wameweza kuongea na Dubai. Wanahesabu diploma. Prefe anahesabu hivyo, inspekta anahesabu hivyo, nawe Papa, siku matokeo yanapotoka, unahesabu hivyo.

MWANAFUNZI: Lakini Mwalimu, hata hayo maandishi wengi wetu tunayakisia. Tunashika neno moja la swali, tunalitafuta juu, tunachagua jibu lililo karibu nalo.

MWALIMU: Najua. Mwenye dakika hamsini na watoto sitini hufundisha kinachofundishika.

DADA: Basi njoo uone kituoni kwetu. Mlangoni tumeandika kwamba ndani ni Kiingereza tu. Anayetoa neno la Kiswahili analipa faini. Baada ya miezi michache wanaongea.

MAMA: Wanaongea waliobaki, Dada. Binti yangu aliacha mapema. Aliniambia kule anaogopa hata kuomba ruhusa ya kutoka nje. Pesa ya faini nilikuwa nayo. Ujasiri wake ndio uliokwisha.

Hapa nimeshindwa kunyamaza. Kanuni ya «Kiingereza tu» ina mahali ilipopatia nguvu, na si mbali na sisi. Januari 1961 wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mawazo yaliyotawala miaka ile yalikuwa matano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, mtoto aanze mapema kadiri iwezekanavyo, kadiri anavyokisikia zaidi ndivyo anavyokijua zaidi, na lugha nyingine zikitumika sana, Kiingereza kitashuka. Mwaka 1992 msomi wa lugha Robert Phillipson aliyachambua moja moja na kuyaita yote matano hoja potofu. Lakini kufikia hapo yalikuwa yamekwisha kuwa desturi kutoka Nairobi hadi Lagos, na yalikuta njia iliyokwisha kulimwa na shule za kikoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi watoto wa Kenya waliosikika wakisema Kikuyu karibu na shule walivyochapwa viboko, au kulipishwa, au kuvishwa kibao cha aibu shingoni. Upande wetu ilikuwa Kifaransa badala ya Kiingereza. Adhabu ilikuwa ndugu yake.

Kwa hiyo mwalimu wa Butembo anayetoza faini kwa ajili ya neno la Kiswahili hajabuni kitu. Amerithi. Mtoto anayelipishwa kwa kufungua mdomo huufunga, na mdomo uliofungwa haufundishiki lugha yoyote.

DADA: Mwandishi, unasema vizuri kwa sababu hushiki chaki. Nikikiacha Kiswahili kiingie, hakitoki tena. Nimejaribu. Unawapa kazi wawili wawili, wanaimaliza yote kwa Kiswahili, wanacheka, wanaelewana, kisha wanaandika sentensi moja ya Kiingereza ili kuniridhisha. Hapo nani amejifunza nini?

Hoja yake ni nzito, na sitaipita kwa haraka. Kiswahili kikifanya kazi ambayo Kiingereza kilitakiwa kuifanya, kipindi kimeliwa. Mwalimu wa Kirumba naye amenasa upande huohuo bila kujua: anapofasiri kila mstari, mtoto husubiri tafsiri, na sentensi ya Kiingereza inampita bila kumgusa. Faini ya Dada na tafsiri ya Mwalimu zinaonekana kupingana, lakini zinafika mahali pamoja: katika zote mbili anayesema sana ni mwalimu.

MWALIMU: Unataka nifanye nini na Kiswahili basi? Nikifukuze au nikikaribishe?

DADA: Kiwekee mlango wake. Maelezo ya kazi, kwa Kiswahili. Kama mchezo una hatua nne, nikiueleza kwa Kiingereza ninamaliza dakika kumi na nusu ya darasa haijanipata. Kwa Kiswahili ni sentensi mbili, kazi inaanza. Hilo nakubali. Kuuliza mtoto aliyekwama nini kinamkwamisha, kwa Kiswahili pia. Lakini kazi yenyewe iwe ya namna ambayo Kiswahili hakiwezi kuimaliza.

MWANAFUNZI: Kama ipi?

DADA: Imla ya kukimbia. Ninabandika maandishi mafupi ukutani, nje ya mlango. Mko wawili. Wewe unakimbia, unasoma mstari, unaubeba kichwani, unarudi na kumsomea mwenzako, naye anaandika. Ukisahau, unarudi ukutani. Katikati mnabadilishana. Huwezi kuubeba mstari wa Kiingereza kwa Kiswahili. Mwenzako lazima aupate kama ulivyo. Umesoma, umekumbuka, umetamka, yeye amesikia na kuandika, nami nimetumia karatasi mbili kwa darasa zima.

MWALIMU: Na kelele? Kirumba nilikuwa na ukuta wa mbao. Nikikohoa, darasa la jirani linasikia.

DADA: Hesabu kwanza, Mwalimu, ndipo uogope kelele. Una dakika hamsini na watoto sitini. Ukimsimamisha mmoja mmoja, kila mtoto hafikii dakika moja, na bado hujatoa muda unaosema wewe. Ukiwagawa wawili wawili, midomo thelathini inafanya kazi kwa pamoja. Zungumza na mwalimu wa jirani, mpangane saa.

MWALIMU: Mimi nina njia isiyohitaji kukimbia. Mvua ikipiga mabati hakuna anayemsikia mwenzake, ndipo niliitumia sana. Naandika mistari sita ubaoni, habari wanayoijua: lori limekwama kwenye matope kati ya Kirumba na Lubero, abiria wameshuka, watu wanasukuma, giza linaingia. Tunaisoma wote kwa sauti. Nafuta maneno mawili. Tunaisoma tena wote, pamoja na yale yaliyofutwa. Nafuta mengine. Mwisho ubao ni mweupe, nao bado wanaisoma yote. Kisha wanaiandika. Nilikuwa nafikiri ni mchezo wa kupitisha mvua.

DADA: Ndicho kipindi chako bora kuliko vyote, Mwalimu.

Nami naungana na Dada. Sarufi ya wakati uliopita, ambayo Mwalimu huieleza kwa kanuni na jedwali, ilikuwa imekaa yote katika mistari ile sita kuhusu lori, na watoto waliisema mara kumi bila kuambiwa kwamba ni sarufi.

MFANYABIASHARA: Lori, sawa. Lakini niwaambie Kiingereza ninachokihitaji, maana nawasikia mkizungumza kama vile ni kitu kimoja. Mpakani Kasindi napita kwa Kiswahili. Nikivuka Mpondwe, upande wa Uganda, nikifika Kasese, nasema Kinande, wao wanasema Lukonzo, tunaelewana mpaka bei ya mwisho. Kampala nusu ya maduka wananijibu Kiswahili. Kiingereza kinanikuta mahali pawili: kwenye karatasi na kwenye simu. Kontena linashuka Mombasa, linapita Uganda, na kila hati yake ni ya Kiingereza. Benki ni Kiingereza. Na yule wa Dubai au wa Guangzhou ananiandikia ujumbe mfupi wa Kiingereza kibovu kuliko cha mtoto wangu. Hilo ndilo lililonishangaza. Mchina anakosea, anatuma, anauza. Mtoto wangu hakosei, hatumi.

MWANAFUNZI: Papa, darasani tukikosea tunachekwa.

Mfanyabiashara amesema jambo ambalo vitabu vya ufundishaji vimezunguka sana kulifikia. Kusini mwa India, kati ya 1979 na 1984, mtaalamu wa ufundishaji N. S. Prabhu aliendesha mradi ambao watu huuita wa Bangalore. Aliweka kando orodha ya sarufi. Watoto walipewa ramani, ratiba za treni, mafumbo ya kupiga hesabu, wakatakiwa kutafuta jibu: ukitoka mji huu saa hii, utafika lini, utabadilisha treni wapi? Mwalimu hakusahihisha kila kosa. Aliangalia kama jibu limepatikana. Madarasa yalikuwa makubwa, vifaa vichache, na mwalimu mwenyewe alikuwa Mhindi aliyejifunza Kiingereza shuleni. Ninauleta mfano huu kwa sababu haukutoka London wala katika chumba chenye wanafunzi kumi na zulia. Butembo hakuna treni. Kuna bei za kahawa na kakao zinazobadilika, kuna mabasi ya Kampala, kuna ushuru, kuna magunia yanayohesabiwa mpakani. Mpe mtoto mmoja nusu ya orodha ya bei, mpe mwenzake nusu nyingine, kila mmoja afiche yake, wakamilishe kwa kuulizana. Maswali ishirini yatatoka bila mwalimu kuamuru.

MAMA: Mimi nasikiliza, na najiuliza kwa nini tusiwapeleke tu Uganda. Majirani wamefanya hivyo.

MWALIMU: Wamefanya, Mama, na wengine wamerudi na Kiingereza kizuri. Lakini si kila mtu ana shilingi za kulipia bweni. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wanafunzi waliuawa shuleni Lhubiriha, palepale Mpondwe, hatua chache kutoka mpaka wetu. Baada ya hapo siwezi tena kumwambia mzazi kwamba akivuka tu amepumzika.

MAMA: Basi shule zetu zifundishe yote kwa Kiingereza. Kama Rwanda.

DADA: Rwanda iliamua hivyo 2008, Mama. Walimu waliosomea Kifaransa wakajikuta wanafundisha hesabu kwa lugha ambayo wenyewe walikuwa bado wanajifunza. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa kwa madarasa ya chini, na 2019 ikatangazwa tena Kiingereza. Nchi ile ina serikali inayoweza kufundisha upya walimu wake wote, na bado njia ilipinda. Sisi hapa mwalimu wa sekondari anategemea primu, pesa wanayochanga wazazi, ili ale. Utamwambia abadilishe lugha ya fizikia?

MAMA: Sikusema ni rahisi. Kongo iliposaini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, mliturudia nyumbani mkituambia milango imefunguka. Mkataba wa jumuiya hiyo, ulivyoandikwa mwanzo, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mimi nimesikia «mlango», nikamtazama mtoto wangu, nikaona hana ufunguo.

MWALIMU: Mkataba huohuo ulitaka tangu mwanzo Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa jumuiya. Mtoto wako ana ufunguo mmoja tayari, Mama. Na wa pili anao nusu.

MAMA: Upi?

MWALIMU: Kifaransa. Hili hatulitumii, na linaniumiza. Maelfu ya maneno ya Kiingereza yalitoka Ufaransa tangu Wanormani walipoiteka Uingereza 1066. Mtoto wa Kirumba akifungua maandishi ya mtihani, maneno mengi marefu anayajua kwa macho kabla sijafundisha. Maneno mafupi ndiyo yanayomtesa, yale ya nyumbani na ya shambani. Mwalimu wa Kenya hana bahati hii. Sisi tunayo, lakini tunafundisha kana kwamba mtoto anakutana na herufi kwa mara ya kwanza.

DADA: Bahati yenye mtego. Wanayasoma kwa sauti ya Kifaransa, Mwingereza haelewi hata moja. Na kuna yale yanayodanganya: anaona «library», anadhani ni duka la vitabu kwa sababu ya «librairie».

MWALIMU: Mtego unaojulikana unafundishika. Ukurasa mmoja wa daftari, safu mbili: yanayotusaidia, yanayotudanganya. Wanauongeza wenyewe mwaka mzima.

MWANAFUNZI: Niseme kitu? Mnaongea juu ya kusema. Mimi nataka kusoma. Nikipata diploma nataka kwenda Beni, kwenye chuo kikuu cha UCBC, wanakofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Lakini tangu nianze Kiingereza, sijawahi kusoma kitabu kizima cha Kiingereza, hata kidogo. Nimesoma vipande vya ubaoni tu.

Hapa nilihitaji kimya kidogo, kwa sababu kijana amegusa pengo ambalo mchezo wowote wa darasani hauzibi. Miaka ya 1980 mwanzoni, watafiti wawili, Warwick Elley na Francis Mangubhai, walipeleka katika shule za vijijini Fiji vitabu vya hadithi 250, vyenye picha, kwa madarasa ya nne na ya tano. Watoto waliachwa wasome, au wasomewe na kujadili. Waliendelea mbele haraka kuliko wenzao waliobaki na masomo ya kawaida ya sarufi na mazoezi, na faida ikaonekana mpaka katika kuandika. Vitabu 250 kwa darasa ni ndoto Lubero, nakubali. Lakini African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, umeweka hadithi fupi za watoto bure, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha nyingine nyingi za bara hili. Mtu anaweza kuzichapisha na kuzigawa bila kuvunja sheria. Simu moja ya mwalimu, mashine moja ya kuchapia mjini, vipande vya katoni kwa jalada, na darasa linapata rafu yake ya kwanza. Mtoto aisome hadithi kwa Kiswahili leo, na kesho aisome ileile kwa Kiingereza akiwa anajua tayari mwisho wake. Hapo Kiswahili hakijaiba kipindi. Kimembeba msomaji mpaka kwenye sentensi ambayo peke yake asingeifikia.

MWALIMU: Na itemu? Mnanisahaulisha itemu, lakini Juni inafika.

DADA: Zibaki, Mwalimu. Ila badilisha kinachotangulia jibu. Kabla ya kuchagua, kila mmoja amweleze jirani yake kwa Kiingereza kwa nini yale mengine si sahihi. Akikwama, aseme kwa Kiswahili, kisha mwenzake amsaidie kulirudia kwa Kiingereza.

MWALIMU: Hiyo itanipa itemu tano kwa kipindi badala ya kumi na tano.

MWANAFUNZI: Tano tunazoelewa, Mwalimu. Zile kumi na tano tulikuwa tunakisia.

MWALIMU: Jumanne itemu kwa namna hiyo, basi. Ijumaa nitafanya orodha za bei. Papa, una hati za zamani za mizigo? Futa majina na namba za watu, bei na bidhaa ziache.

MFANYABIASHARA: Ninazo sanduku zima. Lakini sikufichi, likizo nitamtuma mtoto Kampala hata hivyo.

MWALIMU: Mtume. Akirudi atatusimulia alichokiona. Na wewe, Dada, faini?

DADA: Nitaiondoa kwa wanaoanza. Kwa wale wa juu bado sijashawishika. Wao wanakimbilia Kiswahili kwa uvivu, nami nawajua.

MAMA: Waulize kwanza kama ni uvivu.

DADA: Nitawauliza, Mama.

MFANYABIASHARA: Hati nazileta lini?

MWALIMU: Kabla ya Ijumaa. Ninahitaji muda wa kuzinakili kwa mkono, nusu thelathini za kwanza na nusu thelathini za pili.

MWANAFUNZI: Tupe sisi tuzinakili, Mwalimu. Tutakuwa tumezisoma.